Ulifuata nini huko juu?

Mama yangu anakaa Lushoto, juu kidogo ya mji, na kila nikimpigia Jumapili jioni siku hizi swali la kwanza ni moja tu, leo umepanda tena? Nikisema ndiyo mama, linafuata la pili. Ulifuata nini?

Na hanitanii, anauliza kweli. Kwetu Usambara kila kitu kiko mlimani, shamba liko juu, maji yako chini, shule iko ng'ambo ya bonde, na mtu akipanda ujue kuna kitu kule. Kuni, majani ya ng'ombe, viazi, mgonjwa wa kumwona. Ukikutana na mtu anapandisha mikono mitupu, hana jembe hana panga hana hata kikapu, basi ama anaenda msibani ama ni mzungu. Mimi nimekulia hivyo, shule ya msingi nilikuwa nashuka bonde zima na kulipanda tena kila siku ya Mungu na daftari zangu kwenye mfuko wa rambo, na ndoto yangu kubwa ya utotoni ilikuwa siku moja nikaishi sehemu tambarare. Sasa niko Glasgow, Scotland, mwaka wa saba, mji una treni inapita chini ya ardhi, ghorofa zina lifti, halafu siku yangu ya off naamka saa kumi na moja alfajiri kwa hiari yangu mwenyewe naenda kukwea vilima kwenye mvua, na narudi sina hata ukuni mmoja.

Siku moja nilifanya kosa la kumtajia vimo. Nikamwambia mama, leo nilikuwa Ben Nevis, ndio mlima mrefu kuliko yote Uingereza nzima, mita 1,345. Akauliza, na hapa kwetu ni ngapi? Nikamwambia Lushoto mjini penyewe ni kama 1,400. Kimya. Kisha, "Kwa hiyo mimi naanika mahindi juu zaidi ya kilele chao?" Ndiyo mama. Alicheka mpaka akaanza kukohoa, na nadhani mtaa mzima sasa unajua kwamba mwanawe amepelekwa Ulaya kupanda vichuguu.

Sasa ngoja niwatetee hawa vichuguu. Kwanza Lushoto unafika kwa basi umekaa. Ben Nevis unaanzia karibu na usawa wa bahari, yaani hizo mita 1,345 zote unazilipa kwa magoti yako. Pili Scotland iko kaskazini sana, nyuzi 57 hivi, kwa hiyo ukivuka mita 800 au 900 hamna mti, ni mawe na majani mafupi na upepo, kama zile picha za Kilimanjaro kule juu juu kabla ya barafu. Na upepo wenyewe si wa mchezo. Kilele cha Cairn Gorm mwezi Machi 1986 walipima upepo wa kilomita 278 kwa saa, hiyo ni zaidi ya mara tatu ya spidi ambayo basi la mkoani linaruhusiwa kukimbia. Mimi nimeshawahi kukaa chini kwenye upepo wa kama robo ya huo, nimekumbatia jiwe, nikijiuliza swali la mama.

Aliyenianzishia ugonjwa huu ni mzee mmoja. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, na huyu ameshavuka themanini, miguu imegoma lakini kichwa kiko vizuri kuliko changu. Chini ya kitanda ana boksi la ramani. Ramani za karatasi, zile kubwa za kukunja, zimekunjwa na kukunjuliwa mpaka zimekatika kwenye mikunjo, naye amezibandika kwa plasta ya kidonda, ile ya rangi ya ngozi, kwa hiyo ukiifungua unaona Scotland nzima kama imetoka hospitali. Kila mlima aliopanda una nukta ndogo ya wino mwekundu. Nukta ni nyingi jamani. Siku ya kwanza ananionyesha nilikuwa namvalisha soksi, nikamuuliza ni vituo vya nini hivi. Akanitazama kama nimemtukana.

Ndiye aliyenieleza habari za Munro. Kuna bwana aliitwa Sir Hugh Munro, mwaka 1891 akachapisha orodha ya milima yote ya Scotland inayozidi futi 3,000, ambayo ni kama mita 914. Basi tangu hapo watu wamechanganyikiwa. Leo orodha ina milima 282, na kuna watu maisha yao ni kuimaliza yote, wengine miaka mitatu, wengine arobaini, mtu anapanga harusi kwa kuangalia Munro zilizobaki. Mwenyewe Munro alifariki 1919 hajaimaliza, mojawapo aliyoikosa ni mwamba fulani kisiwani Skye uliosimama kama kisu, unakwewa kwa kamba. Mchungaji mmoja wa kanisa, A. E. Robertson, ndiye anayetajwa kuwa alimaliza wa kwanza, 1901. Mimi nina kumi na tisa. Simwambii mtu kwamba nahesabu. (Kumi na tisa.)

Mzee hakunipeleka kwenye Munro kwanza. Alisema nenda Conic Hill ukaone kama unapenda, ni mita 361 tu, kando ya Loch Lomond. Nikaenda na mfanyakazi mwenzangu mwenye gari. Tumefika Balmaha, nimevaa raba, nikamuuliza geti liko wapi. Geti gani? La kulipia. Hakuna geti. Na guide? Hakuna guide. Nani mwenye mlima? Akanyanyua mabega. Nilikuwa natembea nageuka nyuma kila saa nikisubiri mtu aje mbio kutudai. Baadaye nikaja kujua wana sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kutembea karibu ardhi yote, hata ya tajiri, mradi usiharibu, ufunge mageti ya mifugo na usisumbue watu majumbani kwao. Nina binamu yangu mpagazi Kilimanjaro, kule bila ada ya hifadhi na bila guide huendi popote, nilipompigia kumweleza haya alichonijibu ni, "Yaani mnabeba wenyewe, na hamlipwi?"

Juu ya Conic Hill ukitazama ziwani unaona visiwa vimejipanga mstari mmoja, kama mtu kavipanga kwa rula. Huo mstari ndio ufa wa ardhi unaotenganisha nyanda za chini na milima ya kaskazini, unakatiza Scotland nzima, na wewe umesimama juu yake unakula chapati. Sijui niseme nini. Kitu fulani kilikaa sawa kifuani. Jumatatu nikaingia shifti, mzee hajanisalimia hata, akauliza: "Upepo ulikuwa unatoka wapi?"

Nikasema sijui, ulikuwepo tu. Akageukia dirishani.

Akawa ananiuliza kila wiki. Huyu hakutaka kujua kama nilifika kileleni, wala kama niliona chochote, picha zangu alikuwa anazipitisha haraka haraka kama mtu anatafuta ya kwake. Upepo ulikuwa unatoka wapi. Nikaanza kuangalia ili tu niwe na jibu.

Sasa tuongee raha zenyewe, maana najua kuna mtu anasoma hapa anasema huyu kaka anajitesa.

Raha ya kwanza ni chai. Sitanii. Unatoka na chupa ya chai ya tangawizi, unatembea saa tatu kwenye manyunyu, unafika kwenye rundo la mawe la kileleni, unajibanza upande usio na upepo, unafungua kifuniko na ule mvuke unakupiga usoni. Hiyo chai nyumbani ni chai ya kawaida. Kule juu unaisikia inashuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Na hapo mtu usiyemjua anakuja anakaa karibu, mnatikisiana kichwa, unampa andazi, anakupa kipande cha chokoleti, mnaongelea hali ya hewa dakika nne, mnaachana. Glasgow huyo mtu ungekaa naye kwenye treni mwaka mzima asikusalimie.

Raha nyingine ni majina. Milima mingi ina majina ya Kigaeli, lugha ya asili ya kule milimani, na mwanzoni nilikuwa naona ni herufi zimemwagika, mpaka mzee akanifundisha kuyasoma, na kumbe ni majina ya wachungaji na wakulima kama ya kwetu tu. Càrn ni rundo la mawe, meall ni donge, sgùrr ni ule wenye ncha. Buachaille Etive Mòr, ule unaoonekana kama piramidi ukiingia Glen Coe kwa basi, maana yake mchungaji mkubwa wa Etive, na ukiutazama kweli amesimama pale mlangoni mwa bonde analinda. Halafu kuna mmoja kule kwenye safu ya Cairngorms kwa Kiingereza unaitwa Ncha ya Shetani, mzee anasema kwa Kigaeli si ncha iliyotajwa, ni kiungo cha kiume cha huyo shetani, na wanasimulia kwamba Malkia Victoria alipouliza maana yake, mtumishi wake ikabidi atafute tafsiri ya haraka haraka. Mzee akifika hapo huwa anacheka mpaka nesi anakuja kuangalia kuna nini.

Na ukimya. Kuna stesheni inaitwa Corrour, iko kwenye reli ya kwenda Fort William, hamna barabara ya umma inayofika pale, ni treni tu. Unashuka, treni inaondoka, unabaki na nyika na ziwa na wewe. Kutoka hapo unapanda Beinn na Lap, mita 935, Munro rahisi kweli, hata mimi niliyepanda na mafua niliiweza. Njiani nilikuta kundi la kulungu, wale wakubwa wenye pembe kama matawi ya mti mkavu, kama thelathini hivi, wakainua vichwa wote kwa pamoja wakanitazama. Nikasimama. Tukatazamana. Nikahisi kama nimeingia kanisani nimechelewa.

Kero zipo, sitawaficha. Usubi. Kiangazi, hasa jioni isiyo na upepo, wanatoka wale wadudu wadogo kama vumbi la pilipili, wanaingia masikioni, puani, ndani ya chai. Wanaouma ni majike tu, nimeambiwa, kana kwamba inasaidia. Dawa yake ni upepo, ukivuma kidogo tu hawawezi kuruka, kwa hiyo mlimani nimejifunza kuomba upepo mimi ambaye nilikuwa naulaani. Halafu kuna lile tope jeusi la mboji, linaonekana majani tu juu yake, unakanyaga unazama mpaka goti, na ukitoa mguu buti linataka kubaki. Laini kama uji wa ulezi, baridi kama nini sijui. Na vilele vya uongo! Unaona kilele, unajikaza, unafika, kumbe kiko kingine nyuma, unafika na hicho, kuna kingine. Schiehallion ndio fundi wa hiyo michezo.

Huo Schiehallion lazima niusimulie. Mita 1,083, uko Perthshire, peke yake, umekaa kama nyangumi. Mwaka 1774 mtaalamu wa nyota wa mfalme, Nevil Maskelyne, alipiga kambi pale miezi kadhaa ili apime uzito wa dunia. Wazo ni hivi, mlima una uzito, kwa hiyo unavuta, ukining'iniza timazi kando yake, ile ya fundi mwashi, itavutwa kidogo sana kuelekea mlimani, na ukijua mlima una ukubwa gani unapiga hesabu ya dunia yote. Aliyefanya hesabu ni Charles Hutton, na kwa sababu namba za vipimo zilikuwa nyingi mno akaanza kuunganisha sehemu zenye kimo sawa kwa mstari, ndio hii mistari ya vimo tunayoitumia kwenye ramani mpaka leo. Akapata kwamba dunia ni nzito mara nne na nusu ya maji, jibu sahihi ni tano na nusu, kwa kamba na jiwe mimi naona amejitahidi. Nilimsimulia mama. Akauliza, "Sasa ina kilo ngapi?"

Nilienda mwezi wa tisa, mwenyewe. Mwenzangu alinishusha akaendelea na safari zake, tukakubaliana anichukue saa kumi. Nilikuwa nimepiga hesabu ya Naismith, Mskoti aliyetoa kanuni hiyo 1892, kilomita tano kwa saa moja na kila mita 600 za kupanda ongeza saa nzima. Kanuni haina nafasi ya chapati kwa hiyo mimi huongeza nusu saa. Chini njia ni nzuri kabisa, imetengenezwa kwa mawe. Juu kwenye mgongo wa mlima njia inapotea, ni mawe makubwa ya kijivu tu, yameteleza kwa mvua, unaruka jiwe kwa jiwe kama mbuzi mzee. Na ukungu ukashuka. Si wa kutisha, mimi mtoto wa Lushoto ukungu ni ndugu yangu, nimeshaenda shule kwenye ukungu ambao hauoni mkono wako. Nikafika kileleni, nikajibanza, nikanywa chai yangu, nikakaa labda robo saa. Nikasimama, nikavaa begi, nikaanza kushuka.

Dakika kumi hivi. Mawe yale yale, kijivu kile kile. Ila kuna kitu hakiko sawa na sikijui ni nini, kama vile unatoka nyumbani umesahau kitu. Kumbe ni shavu. Wakati wa kupanda upepo ulikuwa unanipiga shavu la kushoto, nilikuwa nimeuangalia makusudi kwa ajili ya Jumatatu, unatoka kusini magharibi na mimi napanda kuelekea magharibi. Nikishuka nilikojia ulitakiwa unisukume begani, kwa nyuma. Sasa ulikuwa unaniingia mdomoni.

Nikasimama. Nikatoa dira, ambayo ilikuwa chini kabisa ya begi imefungwa kwenye soksi za akiba, hodari kweli mimi. Dira ikasema naelekea kusini. Kusini pale ni mteremko mkali unaokwenda bonde la upande wa pili ambako hamna mtu wala gari. Nikawaza timu ya uokoaji, maana kule ni watu wa kujitolea, fundi bomba, mwalimu, hawadai hata senti, wanaacha chakula mezani wanakuja kukutafuta usiku. Nikawaona wanaacha chakula chao kwa ajili ya mtu wa Lushoto aliyejifanya anaujua ukungu. Nikapanda tena mpaka kileleni, polepole, nikageuka, nikaushika upepo mgongoni na dira mkononi, nikashuka. Saa kumi na dakika ishirini niko chini. Mwenzangu ananuna.

Jumatatu mzee akauliza, nikamjibu, kusini magharibi. Akasema hm. Sikumwambia mengine, ila nadhani uso uliniumbua, maana alinyoosha mkono akachukua kalamu yake nyekundu akanipa, akaniambia nikanunue ramani yangu niache kushikashika yake.

Baridi ikiingia sipandi sana. Desemba Glasgow giza linaingia kabla ya saa kumi, theluji inataka shoka la barafu na vyuma vya meno chini ya buti na kozi ya kujifunza kuvitumia, nitajifunza, bado. Ila Oktoba mwaka jana Ben Lomond nilipata kitu. Tulipanda ndani ya wingu mwanzo mwisho, tukatokeza juu yake karibu na kilele, mita 974, jua kali, na chini mawingu yamejaa mabonde kama bahari. Hiyo naijua, Mtae kule kwetu Usambara unasimama ukingoni asubuhi unaona hivyo hivyo, tambarare ya Mkomazi yote imezama. Nilichokuwa sikijui ni kwamba jua likiwa mgongoni kivuli chako kinaanguka juu ya wingu kule chini, kikubwa, na kichwani kina duara la upinde wa mvua. Mwenzangu hakuliona la kwangu, aliliona la kwake. Kila mtu na lake. Juu ya Ben Nevis kulikuwa na kituo cha hali ya hewa, kuanzia 1883 mpaka 1904, na mwanafizikia C. T. R. Wilson alikaa pale wiki chache mwaka 1894, akaona mambo hayo hayo, yakamkaa moyoni, akarudi maabara kutengeneza wingu lake ndani ya chombo cha kioo, na mwisho wa yote chombo hicho kikawa cha kuonyesha njia za chembe ndogo kuliko atomu. Nobeli 1927. Mimi nilipiga picha, haikutoka vizuri.

Mwezi wa kwanza nikaenda nyumbani likizo. Siku ya tatu nikashindwa kukaa, nikavaa buti, nikachukua chupa ya chai, nikaaga. Mama akauliza unaenda wapi, nikamwambia naenda pale juu tu, kwenye mikaratusi. Kufanya nini? Kutembea. Njiani nilikutana na watu kama nane, wote wakubwa zangu, shikamoo shikamoo, na kila mmoja baada ya marahaba, unaenda kufuata nini? Wa nane nikamwambia kuni.

Juu kulikuwa kuzuri sana. Upepo wa mashariki, mwepesi. Nikanywa chai, nikakaa. Halafu wakati wa kushuka nikawakumbuka wale watu wote watakaoniona narudi, nikaona aibu, nikaanza kuokota matawi ya mikaratusi yaliyoanguka, nikayafunga kwa kamba ya buti, nikayabeba begani mpaka nyumbani, buti moja linapwaya.

Mama alikuwa uani na mahindi yake. Akautua mzigo, akachomoa ukuni mmoja, akaukunja kidogo, akaunusa.

"Mbona mbichi hizi?"